Gauni la Nailoni na Leso ya Mama Mkwe

Mimi nimeaibika mara nyingi katika umri wangu huu na sioni haya kusema, lakini kuna aibu moja ambayo hata leo wajukuu zangu wakiitaja hujifanya sisikii, nikashika bakora yangu nikatoka kwenda kuangalia kama kuku wameingia. Leo nitaisema yote, kwa kuwa wengi waliokuwapo wametangulia mbele ya haki, na waliobaki macho yao ni kama haya yangu, hawatanitazama sana. Lakini kwanza niwape habari ya beberu.

Nilipokuwa mtoto mdogo kwetu Kisauni, jirani yetu alikuwa na beberu mmoja mwekundu, ndevu zake ndefu kama za kadhi (Mungu anisamehe), na kazi ya beberu yule ilikuwa kula nguo za watu kambani. Si kwamba alikosa majani, majani yalikuwa tele, basi tu alipenda nguo. Alikula leso ya mama yangu, pande moja, akamwachia la pili, mama akawa kila akitaka kutoka hana la kujitanda. Alikula mkono wa kanzu ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani na tukapata mapumziko. Mama akienda kushtaki, mwenye beberu humjibu, "Shukuru, dada, huyu wangu hali nguo duni." Na maneno yale yakaingia mtaani, watu wakaanza kujivuna nayo, ikawa nguo iliyoliwa na beberu ndiyo nguo ya maana, na kuna bibi mmoja alianika kisutu chake kipya tangu asubuhi hadi Alasiri, beberu akapita mbele yake mara kadhaa bila hata kukinusa, yule bibi akakikunja akakirudisha dukani akamwambia mwenye duka, "Umenidanganya." Basi mimi nikakua na jambo hilo kichwani, kwamba mbuzi aijua nguo. Shule nilikaa hadi nikajua kuandika jina langu, nikatoroka, kwa hivyo mambo ya beberu yalinikaa kuliko mambo ya vitabu.

Nikawa mtu mzima, nikaoa huko Mtongwe, nikahamia upande wa Chaani kwa sababu gati mpya za Kipevu zilikuwa zikijengwa na kazi ilikuwapo kwa mwenye mabega. Serikali ilikuwa ingali ya Mngereza, lakini hata vijana wa kusukuma torori walikuwa wakizungumza habari ya uhuru. Mke wangu jina lake Mwanajuma, na wakati huo tulikuwa na mtoto mmoja tu, Zuhura, msichana, ndiyo kwanza aanza kuuliza maswali. Mwanajuma alikuwa amezika wawili kabla yake. Nawaambieni hilo mapema ili mjue kwamba mwanamke yule akisema "naogopa" hakuwa akideka.

Kulikuwa na bwana mmoja akiitwa Salmini, duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye njia ya kuteremkia Kipevu, na mali yake aliipata kwa mabaharia wa meli, nyingine kwa njia ya haki na nyingine sikuuliza. Karibu na Idi ya mfungo mosi, ile ya baada ya Ramadhani, nikapita pale nikitoka kazini, nikaliona gauni. Wallahi sijapata kuona kitu kama kile. Rangi ya waridi, limejaa kama limepuliziwa upepo, ndani lina wavu juu ya wavu mfano wa chandarua, na kifuani limeshonewa maua madogo magumu yanayong'aa kama kucha. Salmini akalitikisa, likalia chaka-chaka.

"Nailoni hii, bwana," akaniambia. "Haikunjiki, haitaki pasi, waifua jioni waivaa asubuhi. Watoto wa Kizungu huko kwao hawavai kitu kingine."

Nikalinunua. Nikapita nalo mtaani bila kulifunga karatasi (kusudi, msidhani nilisahau), nimelishika juu kama bendera, na kila aliyeniona nilimwamkia kwa sauti.

Zuhura alipoliona alilikumbatia, likamfunika uso. Mwanajuma akalichukua akaliweka mapajani, akalipapasa, akatia kidole katika kikombe cha maji akaliangushia tone. Tone likabingirika likaanguka chini.

"Baba Zuhura," akasema, "nguo hunywa maji. Hii yakataa, kama jani la myugwa. Mtoto akitoka jasho, jasho lake litakwenda wapi?"

"Litakwenda linakokwenda la watoto wa Kizungu."

Sasa hapo akatokea Mama Akinyi. Mama Akinyi ni jirani yetu wa mlango wa pili, Mjaluo, mumewe kazi yake reli, mwanamke mkubwa wa mwili na wa moyo, na sauti yake ilikuwa haina siri. Akalishika gauni, akalinusa.

"Mama Zuhura, usimvalishe mtoto hii kitu," akasema. "Mimi nimesikia kule Miritini kuna mtoto alipita karibu na jiko na nguo ya namna hii. Moto ikashika. Ikayeyuka, ikagandamana na yeye. Wakivuta nguo, ngozi inakuja."

"Mtoto huyo ulimwona wewe?" nikamwuliza.

"Sikuona. Nimesikia."

"Basi!" nikasema, nikapiga paja kama niliyeshinda kesi. "Maneno ya kusikia. Mwaona gere tu."

"Gere ya nini, Baba Zuhura? Akinyi wangu amekwisha olewa, hawa wengine wote ni vijana. Nitamvalisha nani hiyo, baba yao?"

Mwanajuma akacheka, na mimi nilipoona nachekwa nyumbani kwangu nikafanya jambo la kijinga. Mama Akinyi alikuwa na mbuzi amefungwa uani. Nikalichukua gauni nikampelekea. Nikasema kimoyomoyo, huyu atatoa hukumu. Mbuzi akalinusa, akapiga chafya, akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba. Sasa kwa sheria ya Kisauni kesi ilikuwa imekwisha pale pale, hiyo si nguo, irudishe dukani. Lakini mimi nilikuwa nishapita nalo mtaani, nikawageuzia maneno: "Mwaona! Nguo gani hii madhubuti, hata mbuzi haiwezi!"

Yule mbuzi alinitazama. Namkumbuka mpaka leo.

Siku zote zilizobaki kabla ya Idi, Mwanajuma alikuwa akisema neno lile lile moja, "Simvishi," na mimi nikisema maneno mengi. Nilimwambia nimetoa jasho langu, nikamwambia mamake aja kutoka Mtongwe kutazama mjukuu atavaa nini, nikamwambia watu wote wa njia ile wamekwisha kuliona. Yeye, "Simvishi." Mwisho tukaelewana hivi, kwamba asubuhi mtoto atavaa gauni lake la pamba la zamani la kulia tambi, na mchana nikimpeleka uwanjani kwenye pembea ndipo atavaa la nailoni, na atakayemvisha ni mimi. (Uwanjani pale siku ya Idi palikuwa jiko kwa jiko, huyu achoma mishikaki, yule akaanga viazi, huyu kahawa, na watoto wapita katikati yao wakikimbizana. Kumbukeni hilo.)

Ikafika Idi. Kwetu sisi nguo ya sikukuu haivaliwi bila kufukizwa udi. Chetezo chatiwa makaa, udi juu yake, kisha lawekwa tundu la fito, lile lililosukwa kama la kufunikia vifaranga, na nguo yatandazwa juu ya tundu moshi uiingie. Ni kazi ya wanawake. Asubuhi ile Mwanajuma alifukiza kanzu yangu, akafukiza leso zake, akafukiza kikoi changu kipya, lakini gauni likabaki pale pale kitandani limejipulizia.

"Na hili?" nikamwuliza.

"Hilo mkono wangu haumo. Moto na kitu kile sivikutanishi."

"Nguo ya Idi haivaliwi bila udi."

"Basi fukiza wewe."

Na mimi, badala ya kunyamaza nikale tambi zangu, nikasema, "Nitafukiza."

Neno moja tu. Laiti ningeuma ulimi.

Tuliporudi kutoka kuswali, wageni wakaanza kuja. Mama mkwe, Bi Mishi, aliwekewa kiti ukumbini karibu na mlango wa mbele, amejitanda buibui lake. Alikuwa mwanamke wa heshima sana, tangu nimemwoa mwanawe sikuwahi kula mbele yake, na nikimwona njiani navua viatu. Barazani kwenye mkeka alikaa Mwalimu wa chuo cha Chaani, mzee mpole, pamoja na wanaume wa mtaa na wenzangu wawili watatu wa Kipevu, na mbele yao birika kubwa la sharbati nyekundu. Huko uani wanawake walikuwa na sufuria za pilau. Mimi nikavua kanzu nisije nikaichafua, nikabaki na fulana na kikoi, nikaenda uani na chetezo. Wanawake wakanipisha wakicheka.

"Jamani, leo bwana ndiye mfukizaji!" mmoja akasema. "Na singo ya mwilini utatusugua wewe?"

Sasa mwanamke ajua kwamba makaa ya kufukizia ni machache, tena ni yale yaliyoanza kufa, yenye jivu usoni. Mimi nilikuwa nimeona chetezo maisha yangu yote lakini sikuwahi kuchungulia ndani. Nikachota makaa chini ya sufuria ya pilau, mekundu, yanatoa cheche, nikakijaza mpaka juu. Nikaona udi ukiwa mwingi ndiyo sifa, nikamimina kibweta kizima. Nikaweka tundu, nikatandaza gauni juu yake, wavu wote ukaning'inia ndani kwenye joto, nikafunga mlango wa chumba nikaenda kukaa na wageni.

Mwanzo palikuwa pazuri. Udi ukatoka chumbani ukapita ukumbini ukafika barazani.

"Mashallah," Mwalimu akasema, "nyumba hii yanukia."

Nikakaa vizuri. Nikamwamkia tena mtu niliyekwisha kumwamkia. Kisha harufu ikaanza kugeuka, kidogo kidogo, mtu mmoja akajikuna pua, mwengine akatazama chini ya kiatu chake, na kutoka ukumbini nikasikia sauti ya Bi Mishi, ya upole kabisa:

"Baba Zuhura, mwanangu, udi huu wa wapi? Mbona wanuka kwato?"

"Wa Ulaya, mama," nikamjibu. (Uwongo huo, siku ya Idi, mbele ya Mwalimu.)

"Lo. Watu wa huko wana dhiki."

Hapo ndipo nikasikia chumbani kitu kimefanya *fuu!*, kama mtu aliyezima taa kwa pumzi, ila hili halikuzimika. Nikaruka. Kufungua mlango, gauni silioni. Lililokuwa limejaa kitanda kizima limejikunyata juu ya tundu limekuwa la mwanasesere, jeusi, linatokota kama halwa, na yale maua ya kifuani yanawaka moja moja kwa mwali mweupe, *fuu*, *fuu*, na fito zimeshika.

Mwenye akili angelitoa kwa nyuma, uani, kwenye mtungi wa maji. Lakini uani kulikuwa na wanawake wamesimama mlangoni, na akili yangu ilikuwa imekwisha kutoka peke yake zamani. Nikalishika tundu zima kwa chini, nikalibeba mbele yangu kama siniya, nikapita nalo ukumbini mbio nikipiga kelele "Nipisheni! Nipisheni!", nikampita Bi Mishi, nikatokea barazani, na pale kizingitini likadondosha tone.

Tone lile likaangukia kikoi. Mimi nimeunguzwa na mafuta, nimeunguzwa na uji, lakini kitu kile si kama vile. Mafuta huteleza. Kile hukaa. Kilitoboa kikoi kikanishika paja na hakikutaka kuniachia, na kikoi chenyewe kikaanza kuwaka pindoni, nikalitupa tundu mchangani, nikashika fundo la kikoi nikalivuta, nikakirusha huko.

Chini ya kikoi hapakuwa na kitu. Desturi ya siku zile, na joto lile, wenyewe mwajua.

Mwalimu, Mungu amrehemu, yeye alidhani bado nawaka. Akanyanyuka na birika la sharbati akanimiminia lote, kuanzia tumboni. Basi tazameni: mtu mzima, baba wa mtoto, siku ya Idi, amesimama barazani kwake mbele ya Mwalimu na wenzake wa kazini na njia nzima ya Chaani, fulana imemwishia kitovuni, chini amelowa sharbati nyekundu, na mama mkwe yuko kwenye kiti, hatua chache, uso kwa uso naye. Mama Akinyi peke yake ndiye aliyetokea mlangoni na beseni la maji, akanitazama, akatazama lile tundu linavyowaka, akalimwagia tundu.

Kisha nikamwona Zuhura. Alikuwa amepenya katikati ya wageni, amevaa gauni lake la pamba lililopauka, tambi zimemganda mashavuni, amesimama atazama mchangani lile donge linavyotoa moshi.

"Baba," akaniuliza, "gauni langu li wapi?"

Nikalitazama donge, limeshika fito na haliachi. Nikalitazama paja langu. Nikamtazama mtoto, kifua chake kidogo, pale ambapo yale maua yangekuwa. Jamani, nikasahau kwamba niko uchi. Nilipiga magoti pale pale nikamshika, nikampapasa mikono, nikampapasa mgongo, kama kwamba ni yeye aliyetoka motoni, nikawa nasema tu, "Hukulivaa. Hukulivaa, mama. Hukulivaa." Mwanajuma akaja akakaa chini karibu nasi, akashika kisigino cha mtoto, akalia, na mimi nikalia, na wageni waliokuwa wameanza kucheka wakaacha.

Ndipo nikahisi kitu kimeniangukia mabegani, laini, chanukia asumini. Ilikuwa leso. Bi Mishi alikuwa amefumba macho, amenyoosha mkono, amevua leso ya ndani aliyojifunga na kunirushia, amebaki na buibui.

"Jifunge, mwanangu," akasema, macho bado ameyafumba. "Mimi sikuona kitu. Nilikuwa natazama mtoto."

Nikajifunga leso ya mama mkwe kifuani, kama wanawake, na sikujua imeandikwa nini, kwa kuwa kusoma kwenyewe ndiko huko nilikowaambieni. Mwalimu aliisoma, akageuza uso, mabega yakamcheza, akakataa kuniambia. Nilishinda nayo Idi nzima, paja limepakwa ute wa yai, na watu waliokuja baadaye kunitazama walikuwa wengi kuliko waliokuja kula. Wenzangu wa Kipevu waliniita Mfukizaji mpaka gati zikaisha kujengwa. Lakini nawaambieni ukweli, usiku ule nililala usingizi sijapata kuulala, mtoto kati yetu, kila nikigeuka naweka mkono juu yake.

Sikukuu ilipokwisha nililichukua lile donge na fito zake nikaenda kwa Salmini nikichechemea. Nilimkuta na mteja, kijana mmoja miguu imejaa saruji, amembeba binti yake begani, na mkononi ameshika gauni kama lile, la samawati. Nikaweka donge juu ya meza.

"Nini hiki?" Salmini akauliza.

"Gauni lako."

Akaligeuza kwa kucha. "Bwana, nguo ni ya kuvaa. Nani alikwambia uipike?"

"Na kwetu sisi jiko hukaa wapi, Salmini? Hukaa chini. Na mtoto hucheza wapi? Chini. Wewe waniambia mimi habari ya kupika?"

Yule kijana akasogea mezani. Alinyoosha kidole akaligusa donge, akalivuta kutoka kwenye ufito, halikutoka. Akalirudisha gauni la samawati kwenye msumari wake polepole, akamkamata vizuri miguu binti yake, akatoka.

Salmini akamtazama anavyokwenda, kisha akanisogelea akateremsha sauti. "Tusiharibiane," akasema. Akatoa gauni jingine chini ya meza, la manjano, wavu wake mwingi kuliko wa lile la kwanza. "Chukua. Mpe mtoto. Tuyamalize."

Akalitikisa, likalia chaka-chaka. Lilikuwa zuri, sitawadanganya. Hata wakati ule, na paja linawaka, niliona ni zuri.

Nikaliacha mkononi mwake, na donge nikaliacha juu ya meza alitazame, nikageuka nikatoka nikashika njia ya nyumbani. Aliniita kwa jina, kisha akaniita kwa lile jina jingine. Sikugeuka, na dukani kwake sijatia mguu tena.